Jina Chini ya Sahani

Kila Jumanne ya kwanza ya Machi, wakazi wa Harlow Notch, kijiji cha jimbo la Vermont, Marekani, hukutana ukumbini kuamua mambo yao kwa kuinua mikono. Daktari na mkata miti hukaa kwenye mabenchi yaleyale. Mchana hula chakula walicholeta. Wanafunzi wa darasa la sita huoka pai kwa mikono yao, na kila mmoja hubandika jina lake chini ya sahani kwa selotepu. Sahani inayoisha kwanza hupinduliwa, na mwenye jina hupiga kengele ya kuwarudisha watu mkutanini.

Mwaka huo msichana wa darasa hilo aitwaye Corliss Beaudry alikuwa ameahidi kuoka pai ya matufaha pamoja na rafiki yake, Delia Stroud. Baba yake Corliss, aliyekuwa amejenga nyumba ya mabafu saba kilimani, aliposikia alicheka. Alisema siku hizi asiyeonekana hayupo, akaagiza keki ya ghorofa tatu kutoka Boston. Corliss aliitamani kengele, kwa hiyo hakubisha. Alibandika jina lake chini ya ubao wa keki, juu ya nembo ya duka, akamwambia Delia kwamba ameioka mwenyewe.

"Hiyo keki au harusi?" Delia aliuliza, akaenda kuweka pai yake mwisho wa meza. Ilikuwa imeungua ukingoni, kwa kuwa aliioka peke yake.

Watu waliipiga picha keki, kisha wakaigombania. Ilipoisha, kwenye sahani ya Delia kilikuwa kimebaki kipande kimoja. Bi Thayer, mwenyekiti wa mkutano, alipindua ubao wa keki, akasoma jina na kumkabidhi Corliss kamba ya kengele.

Corliss aliishika, lakini mkono haukuvuta. Hakuna aliyejua ila baba yake, na hilo ndilo lililomchoma, kwani Delia alikuwa akimpigia makofi.

"Bi Thayer, bandua hiyo selotepu," alisema.

Bi Thayer aliibandua, akaiona nembo. Baba yake Corliss aliinuka nusu, akakaa tena. Corliss alimpelekea Delia kamba, akamwomba radhi mbele ya wote.

"Kile kipande kilichobaki ukile wewe," Delia alimjibu. "Kimeungua, na nusu ya kosa ni lako."

Kengele ililia, watu wakarudi kwenye mabenchi. Corliss alikula kipande chote, hata ukingo mchungu, kisha akaanza kuosha sahani. Bi Thayer alimletea kitambaa.

"Jina tunaliweka chini ili watu waionje kazi kabla ya kumjua mwenyewe," alisema. "Wewe ulileta jina bila kazi. Humu ndani, mwanangu, hatuhesabu ghorofa za keki wala mabafu ya nyumba. Tunahesabu mikono, na kila mtu huinua mmoja tu."

Corliss aliikausha sahani ya Delia, akaipindua, akalisoma jina.