Kioo Kwenye Ufa

Ko. Ko. Ko. Kisha: pu.

Fundi Saa alifumbua macho. Ilikuwa asubuhi ya siku ya mapumziko, na mtu alikuwa anagonga ukuta wa chumba cha pili. Ko. Ko. Pu. Akajifunika shuka kichwani. Mgongaji hakuchoka.

Alipokwenda kuchungulia, alimkuta mkewe amepiga magoti sakafuni, kijiko mkononi, sikio ukutani.

"Unamtafuta nani humo?" aliuliza.

"Sikiliza." Mkewe aligonga karibu na mlango. Ko. Akagonga chini ya dirisha. Pu. "Kule pamejaa. Hapa ni kama debe tupu."

"Ukuta ni ukuta."

"Na kalenda je? Nayo ni ukuta?"

Fundi Saa akaitazama kalenda iliyoning'inia chini ya dirisha. Kalenda ile ilikuwa ya mwaka uliopita, na aliitundika yeye mwenyewe. Nyuma yake kulikuwa na ufa. Ulianza kwenye kona ya dirisha, ukashuka hadi sakafuni. Kwanza aliuziba kwa saruji laini. Ulipotokeza tena, akaufunika kwa kalenda, kwa sababu siku ile mama yake alikuwa anakuja kukiona chumba.

Chumba hicho kilikusudiwa kuwa cha mama. Mama aliishi kwenye chumba cha kupanga, ghorofa ya tatu. Magoti yake yalikuwa yameharibika. Kushuka ngazi kulimchukua muda mrefu, kupanda ndiyo usiseme. Siku nyingi alikaa dirishani tu, akitazama watu wakipita chini. Kwa hiyo Fundi Saa na mkewe walipopewa nyumba hii ya zamani na baba mdogo, jambo la kwanza walilokubaliana ni hili: mama ahamie kwao, chini, pasipo ngazi.

Lakini nyumba ilikuwa imechoka. Bati lilikuwa na kutu. Sakafu ilikuwa na mashimo. Walikuwa na akiba, yeye kutokana na saa alizotengeneza, mkewe kutokana na nywele alizosuka. Ilikuwa akiba ya kufanya mambo machache, si yote.

"Mimi nimeshakata shauri," alisema Fundi Saa. "Vigae vipya sakafuni, rangi, na geti. Mama akifika, akute nyumba inang'aa."

"Na ukuta ukimwangukia kitandani, utaanguka ukiwa unang'aa?"

"Wewe na Bomoa wako mnapenda maafa."

Bomoa lilikuwa jina walilompa mjenzi mmoja aliyeitwa na mkewe, Msusi, wiki iliyopita. Yule bwana alisimama mbele ya ufa, mikono mifukoni. Hakugusa kitu. Alisema neno moja tu: "Bomoa." Ukuta wote ubomolewe, ujengwe upya. Naye alitaka nusu ya malipo palepale. Bei yake ingemeza karibu akiba yote. Paa lingebaki kuvuja, na mama angebaki ghorofani mwaka mwingine mzima.

Basi mume alitaka kupaka rangi juu ya ufa. Mke aliogopa kwamba lazima wabomoe. Walikunywa chai kila mtu akitazama kikombe chake.

Hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa jirani yao, mwanamke wa makamo aliyefundisha ujenzi katika chuo cha ufundi. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu," walisema wote wawili.

"Marahaba. Nimesikia mtu anagonga lipu tangu asubuhi. Nikasema, jirani zangu ama wamepata akili, ama zimewaruka. Nimekuja kuhakikisha."

Msusi akacheka, akamwonyesha ufa, akamsimulia ya Bomoa na ya rangi. Mwalimu aliinama. Alijaribu kuingiza ncha ya kalamu, haikuingia. Alifungua dirisha na kulifunga. Halikukwama. Alirudi nyuma, akautazama ukuta wote kwa jicho moja, kama mtu anayetazama ubao kama umenyooka.

"Kama kidole kingeingia," alisema, "au kama mlango ungeanza kukwama ghafla, au ukuta ungekuwa umepinda, ningewaambia muhame chumba hiki leo na mmwite mhandisi. Hakuna kusubiri. Lakini huu ni mwembamba. Swali ni moja. Umelala, au uko macho?"

"Ufa unalala?" aliuliza Fundi Saa.

"Nyufa nyingi za nyumba za zamani zimelala. Nyumba ilikaa, ikapasuka kidogo, ikatulia. Ufa wa namna hiyo unazibwa, basi. Ufa ulio macho unaendelea kukua. Huo hata ukibomoa ukuta, mpya nao utapasuka, kwa sababu kinachoupasua bado kipo."

"Kwa hiyo Bomoa kakosea," alisema Fundi Saa, na kifua kikaanza kumvimba.

"Na wewe pia. Yeye anataka kuondoa asichokijua, wewe unataka kukipaka rangi."

Msusi aliweka kikombe chini. "Mume wangu, mteja akikuletea saa iliyosimama, huanza kwa kumbadilishia kioo?"

"Wapo wanaotaka hivyo."

"Huwaambiaje?"

"Huwaambia tuifungue kwanza." Kisha akageuka kuutazama ufa. Alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe.

Mwalimu akawaeleza la kufanya. Wabandue lipu iliyolia pu, pamoja na saruji aliyoisiliba Fundi Saa, mpaka matofali yaonekane. Kisha wachukue kipande chembamba cha kioo, wakivushe juu ya ufa, na kukishika kwa saruji ncha zote mbili. Wachore tarehe kwenye saruji kwa msumari. Kioo hakijui kunyumbuka. Ukuta ukisogea, hata unywele mmoja, kitapasuka.

"Kioo nitakikata mimi," alisema Fundi Saa. Hakuwa amechangamka hivyo tangu asubuhi.

Tangu siku hiyo, kila alipoamka alikwenda kwanza kukitazama kioo, kabla hata ya kunawa uso.

"Mimi sijawahi kutazamwa hivyo," alisema Msusi.

"Wewe hujawahi kuniambia utapasuka."

"Endelea, nitakwambia."

Wiki ya pili, baada ya mvua ya kwanza, alikikuta kimekatika katikati. Mstari ulikuwa mwembamba kama uzi. Fundi Saa aliketi kwenye ukingo wa kitanda kitupu cha mama yake. Aliziona ngazi zile tatu ndefu, na mkono wa mama ukishika chuma cha pembeni. Hakuweza kumwita mkewe. Mkewe alikuja mwenyewe, akaona, akaketi kando yake.

Walipompelekea Mwalimu habari, alisema, "Vizuri."

"Vizuri vipi, Mwalimu?"

"Jana mlikuwa mnabahatisha, leo mnajua. Kimepasuka baada ya nini?"

"Baada ya mvua," alisema Msusi polepole.

"Basi mvua ijayo tokeni nje. Si ikishakatika. Ikiwa inanyesha."

Mvua ilipokuja, watu wote walikimbilia ndani, isipokuwa watatu. Waliizunguka nyumba chini ya miamvuli, viatu vikifyonza matope. Jirani wa ng'ambo alichungulia, akatikisa kichwa, akafunga dirisha.

Ilikuwa kona ya nyuma. Maji yote ya upande ule wa paa yalikusanyika katika mfereji mmoja wa bati, chini ya ukingo wa paa. Mfereji huo ulikuwa umeoza na kukatika kabla ya kufika bomba la kuyashusha. Maji yalimwagika kwa kishindo kwenye kona ileile, chini ya dirisha la mama, na yalikuwa yamechimba shimo. Fundi Saa alipiga magoti matopeni, akaingiza mkono chini ya msingi. Uliingia hadi kiwiko.

"Hakuna udongo," alisema.

"Haupo," alisema Mwalimu. "Umesombwa na maji miaka mingi. Kona imeketi hewani, kwa hiyo inashuka kidogo kila mvua. Ukuta wenyewe hauna kosa. Mkeo angeweka hela yote kwa Bomoa, na maji yangeubomoa ule mpya."

"Nami ningeweka vigae," alisema Fundi Saa.

"Nawe ungeweka vigae. Sasa mwiteni mhandisi wa majengo aone msingi, maana msingi si jambo la jirani kukisia."

Mhandisi alikuja, akapima, akakubaliana na Mwalimu. Ukuta usibomolewe. Maji yaelekezwe kwingine, shimo lijazwe mawe na zege, kisha wasubiri waone.

Jioni ile Msusi alimwaga vibanio vya nywele mezani. Alihesabu kumi. "Akiba yetu yote ni hii," alisema. "Kila kibanio ni fungu moja kati ya kumi. Mwalimu, tufundishe kugawa."

Kabla ya kugawa chochote, Mwalimu alichukua viwili akamrudishia. "Hivi vibane nywele zako. Havimo mezani. Nyumba ya zamani ikifunguliwa, haikosi jambo ambalo hamkulitarajia."

"Na lisipotokea jambo lolote?" aliuliza Fundi Saa.

"Utanunua geti. Sasa, jiulizeni maswali kwa mpangilio huu. Nini kinazuia maji? Nini kinashikilia nyumba? Mwisho kabisa, nini kinapendeza?"

Vibanio vilihama mezani. Kimoja kilikwenda kwenye mfereji na bomba la maji. Viwili vilikwenda kwenye msingi. Vitatu vilikwenda kwenye paa. Kimoja kilikuwa cha lipu, na kimoja cha sakafu ya saruji laini. Meza ikabaki tupu.

"Na rangi?" aliuliza Fundi Saa.

"Ukuta wenye unyevu ukiupaka rangi, utaitema. Uache ukauke kwanza. Rangi itanunuliwa na saa za mwaka ujao."

Aliwaambia pia wasimwajiri fundi wa kwanza kupita mlangoni. Waite watatu, wawaonyeshe kazi ileile, kila mmoja aandike bei ya vifaa peke yake na bei ya kazi ya mikono peke yake. Na malipo yaende kwa hatua: kazi ikiisha na kukaguliwa, ndipo walipe hatua hiyo.

"Yule wa mikono mifukoni alitaka nusu ya malipo siku ileile," alisema Msusi.

"Huyo mwacheni na mifuko yake."

Kazi ilianza kwa mfereji, kisha msingi. Saruji ilipokauka, Fundi Saa alikata kioo kipya, akakibandika mahali pa kile cha kwanza. Yote yalikwenda sawa mpaka fundi wa paa alipoondoa bati kuukuu, akaita kutoka juu, "Mwenye nyumba, njoo uone."

Boriti mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa. Ukizibonyeza kwa kidole, zinavunjika kama biskuti. Fundi Saa alishuka ngazi ya mti bila rangi usoni. "Tumekwisha," alimwambia mkewe. "Fungu la paa halitatosha."

Msusi alimsogelea. Aliinua mkono kichwani, akachomoa kibanio kimoja. Nywele za upande wa kushoto zikamwangukia begani. Akakiweka kwenye kiganja cha mumewe.

"Ndiyo maana nimekuwa nikivivaa," alisema.

Fundi Saa alikitazama kibanio, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Fundi wa paa alidhani mwenye nyumba amepatwa na jambo.

Kisha mvua kubwa zikaja, zile zinazonyesha mpaka watu wanasahau rangi ya jua. Wale wawili walisimama katika chumba cha mama wakisikiliza. Maji hayakupiga tena ardhi. Yaliteremka ndani ya bomba yakinguruma, yakaingia kwenye mtaro wa zege, yakaenda zao mbali na nyumba. Kila asubuhi Fundi Saa alikwenda kwenye kioo. Kila asubuhi kilikuwa kizima. Mvua zilipokatika, kilikuwa kizima bado. Alipitisha kidole juu yake toka ncha hadi ncha, akashusha pumzi aliyokuwa ameibeba kwa miezi.

"Umelala," alimwambia mkewe.

"Basi na wewe leo lala."

Mama alihamia mwanzoni mwa mwezi uliofuata. Alishuka kwenye gari, akaingia mlangoni kwa miguu yake, bila kupanda hata ngazi moja. Kuta zilikuwa za kijivu, bila rangi. Sakafu ilikuwa ya saruji, nyororo na kavu. Chini ya dirisha palibaki sehemu ndogo isiyopigwa lipu, na katikati yake kilikuwepo kile kioo.

Mama hakuketi kwanza. Alipita akigonga ukuta kwa fimbo yake. Ko. Ko. Ko. Ko. Mpaka mwisho.

"Kalenda iko wapi?" aliuliza.

Fundi Saa alikohoa. "Kalenda gani, mama?"

"Ile ya mwaka jana. Mlikuwa mmeitundika usawa wa goti. Nikajiuliza, nani katika nyumba hii anasoma tarehe akiwa amechuchumaa?"

Msusi aliziba mdomo kwa ukingo wa kanga yake, mabega yakitikisika.

"Ulijua," alisema Fundi Saa.

"Nilijua kuna kitu. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka sana kuja." Mama aliketi kitandani, akanyoosha magoti yake, akaelekeza fimbo kwenye kioo. "Na hicho?"

Fundi Saa alichuchumaa kando yake. Alimweleza yote, ufa, mvua, mkono uliozama hadi kiwiko, boriti za mchwa, kibanio. Mama alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo kikibaki kizima, mko salama."

"Tuko salama, mama. Mhandisi kasema tukiache mpaka mvua nyingine zipite, ndipo tupige lipu."

"Na kikipasuka?"

Alimtazama mama yake usoni, kisha mkewe, aliyekuwa ameacha kucheka.

"Kikipasuka, mama, nitakuamsha wewe kwanza, siku hiyohiyo, nikuonyeshe mwenyewe. Sitatundika kitu juu yake."