Supu ya Mzee Nghiem

Maiti ya Lua ilikutwa imelala kifudifudi stoo, nyuma ya jiko la mgahawa, kati ya magunia ya mkaa na ndoo ya mifupa ya ng'ombe. Aliyeiona kwanza ni Tuyen, muuza barafu, alipopitia mlango wa uani kushusha mzigo wake. Ukelele alioupiga ulijaza watu kichochoro kizima.

Inspekta Khoat alifika kwa miguu. Mgahawa ule aliujua kama nyumba yake. Nani mjini Nam Dinh asiyeijua supu ya tambi ya Mzee Nghiem? Meza chache, viti vya plastiki vifupi mpaka magoti yanatafuta kidevu, na supu ambayo mtu huimaliza kwa kuinua bakuli.

Daktari wa polisi alikuwa anavua glavu. "Pigo moja la kisogoni. Kitu kizito, butu. Alipigwa alfajiri, kabla hawajafungua."

"Silaha?"

"Hii hapa, afande." Konstebo Hanh aliinua mfuko wenye nyundo ya kuvunjia mifupa. "Imeoshwa, lakini damu imebaki kwenye ufa wa mpini."

Mzee Nghiem alikuwa amejikunyata kwenye ngazi. Lua alikuwa mdogo wa marehemu mkewe, mjane asiye na mtoto, na miaka yote tangu msiba ule walipika pamoja.

"Mwanangu Khoat, nimekwisha," alisema mzee. "Yeye ndiye hutangulia kuja. Nilipofika nilikuta supu ameshaiunga, mwenyewe hayupo. Nikadhani kaenda sokoni kufuata vitunguu. Nikaanza kuhudumia wateja."

"Unamshuku nani?"

"Si huyo wa barafu! Jana wamezozana hapo mlangoni, mtaa mzima umesikia."

Tuyen aliletwa akilia kama mtoto.

"Mlizozania nini na marehemu?"

"Rangi, afande."

"Rangi gani?"

"Ya ukuta. Tumekodi kile chumba ng'ambo ya barabara, yeye afungue mgahawa wake, mimi nimsaidie. Mimi nataka bluu, yeye anataka kijani. Sasa mtu unamuua mtu kwa rangi ya ukuta?"

"Mzee alijua kama anahama?"

"Lua alisema atamwambia leo asubuhi."

Khoat alirudi ndani taratibu. Meza zilikuwa kama wateja walivyoziacha. Kila bakuli limejaa. Nyama imeganda mafuta, tambi zimevimba, hakuna aliyefika hata nusu. Mlangoni alisimama Bi Thoa, fundi cherehani, mteja wa siku zote.

"Bi Thoa, mlikimbia ukelele mkaacha chakula?"

"Tulikuwa tumeshaacha kabla ya ukelele, baba. Tulikuwa tunatazamana tu, nani amwambie mzee. Supu ile ni bahari! Mimi nimemeza kijiko kimoja, bado nakunywa maji."

Khoat alichota kijiko kwenye sufuria. Alionja, akatema papo hapo.

Mpishi wa miaka yote ile hakosei chumvi hivi: Lua hakuwa ameiunga supu ile. Lakini hata aliyeiunga, kwa nini hakuonja? Na kama alionja, aliionjaje akaipeleka mezani? Khoat alijaza bakuli, akaenda nalo kwenye ngazi.

"Mzee, hebu onja. Chumvi imekolea?"

Mzee Nghiem alivuta funda kubwa, akameza. Uso wake haukukunjamana hata kidogo.

"Imekolea sawasawa."

Khoat alimtazama tu. Mzee akalitazama bakuli, kisha akamtazama yule kijana aliyemlisha miaka mingi, akaliweka bakuli chini.

"Tangu lini?" Khoat aliuliza.

"Tangu ile homa, mwaka aliokufa mke wangu. Niliinuka kitandani ulimi umekufa, na pua nayo. Chumvi, sukari, pilipili, vyote kwangu vumbi."

"Nani alijua?"

"Yeye peke yake. Aliunga, akaonja, akanitikisia kichwa. Watu wakaja kunishika mkono mimi. Hata wewe."

"Naye alikuwa anakwambia nini?"

"Hakuniambia neno. Hakunicheka hata siku moja. Angenicheka, labda ningemzoea. Lakini kila mtu aliponisifu, nilimchukia yeye. Nikawa namchukia hata akipiga chafya."

"Leo akakwambia anaondoka. Ukaogopa kuaibika."

"Hapana." Mzee alifuta uso kwa kiganja. "Kuondoka ningevumilia. Ningefunga mlango, niseme nimezeeka, watu wanililie kidogo. Hilo lingenitosha."

"Basi kwa nini?"

Nje Tuyen alikuwa bado analia, na Hanh anamwambia anyamaze.

"Alinishika mkono," alisema mzee mwishowe. "Akaniambia, 'Usiwe na wasiwasi, shemeji. Kila alfajiri nitavuka barabara nije nikuonjee, ndipo nirudi kwangu. Hakuna atakayejua.' Akatabasamu. Kisha akainama kuchukua mifupa."

"Ukampiga."

"Nikampiga."

Khoat alitoa pingu. Mzee aliinyoosha mikono mwenyewe, bila kuambiwa.

"Alikuwa bado anapumua," alisema, "niliposikia wateja wanabisha hodi. Nikaenda kuwafungulia."