Mto wa Kanyiva

"Oketch, mto wa nani huu?"

Teresiah alikuwa ameishika simu ya mchumba wake kwa vidole viwili, kama nepi chafu. Ilikuwa Alhamisi mchana. Jumamosi wazazi wa Oketch walikuwa wanakuja kwa kina Teresiah kujitambulisha. Akasoma ujumbe kwa sauti:

"Mto wetu umefika wapi? Nimeuota usiku kucha. Usimwonyeshe mtu kabla yangu. Kanyiva."

Akamkazia macho. "Wewe na Kanyiva mnalalia mto mmoja?"

Oketch alicheka mpaka brashi ya kuchorea ikamponyoka.

"Tere! Si mto wa kulalia, ni mto wa maji! Kanyiva ni mama wa miaka sitini, mwenyekiti wa ukumbi wa mtaa. Anataka picha ya Jamhuri Dei, mtu akiingia aseme hii ndiyo Kenya."

"Nionyeshe."

Akafunua turubai. Bluu ya kuumiza macho! Pundamilia wanakunywa maji, milima imejipanga nyuma.

"Ukumbi wenyewe uko wapi?"

Oketch akakohoa. "Mathare."

"Aii! Mathare kuna pundamilia?"

"Wacha basi, Tere. Kalenda, ofisi, hoteli, kote mto wa Kenya ni huu. Nani atatundika maji machafu na mabati ati ndiyo taifa?"

"Mimi nimezaliwa kando ya hayo maji. Kwa hivyo mimi si Kenya?"

Oketch akainama kuokota brashi. Kukwepa huko ndiko kulikomfungua Teresiah macho.

"Ndiyo maana ulitaka wageni wapokelewe kwa shangazi yangu Waruguru, Komarock. Ati kuna pa kuegesha gari! Umemwambia mamako kwetu ni wapi?"

"Komarock," akajibu akiangalia sakafu.

"Heri ungekuwa na mwanamke! Mwanamke ningemfukuza. Sasa hapa nifukuze nini?"

Machozi yakamtoka. Alimpenda huyu mjinga, na hilo ndilo lililomchosha zaidi.

"Mpigie sasa hivi. La sivyo Jumamosi msije popote."

Oketch akapiga, akaweka spika.

"Mama, kwao Teresiah ni Mathare, pale mtoni. Nilikudanganya. Niliona aibu."

Mamake, Mama Aluoch, akashusha pumzi.

"Oketch, unajua ulizaliwa wapi?"

"Si Makongeni, kwa nyumba za reli?"

"Hapo tulihamia ukiwa na miezi mitatu. Ulizaliwa Mathare, ng'ambo ya huo mto. Nami sikukwambia kwa sababu ya aibu hiyo hiyo. Mpe msichana simu."

Teresiah akapangusa uso. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Jumamosi tunakuja hapo hapo mtoni. Huyo msumbufu umwache asote kidogo."

"Nitamwacha, mama."

Simu ilipokatika, Oketch alichukua brashi, akaipaka bluu yote rangi nyeupe. Kisha akasimama akikuna kichwa.

"Tere, yale maji ni rangi gani hasa?"

"Miaka miwili unanisindikiza mpaka darajani, Oketch! Hujawahi kuangalia chini?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe."

"Usinipake mafuta! Vaa viatu twende," akafoka, akamshika mkono na kumvuta mlangoni.