Nilidhani Kalunde Ananitania

Wasomaji wenzangu, nilikuwa na miaka kumi na tisa, mke wa Prosper, kijana wa Matombo aliyepakia ndizi kwenye lori la kijiji chetu cha ujamaa. Nilimpenda kwa wivu... wivu wa kuninyima usingizi.

Aliyenikosesha raha ni Kalunde, binti wa Kinyamwezi, mhudumu wa zahanati. Sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani, basi kila akipita kwetu alimwita Prosper "mume wangu". Watu walicheka. Mimi nilitoa meno tu, huku moyo unachemka.

Siku moja Prosper alianguka kutoka juu ya lori, akaumia mgongo. Akachomwa sindano za mofini, dawa kali ya maumivu. Mgongo ulipona, lakini safari za zahanati hazikuisha! Ningefikiri nini mimi? Kwamba anamfuata Kalunde. Kumbe dawa ilishamteka, alimfuata dresa mmoja, mfunga vidonda wa palepale, aliyeendelea kumchoma kwa siri...

Jumapili moja baada ya misa, Kalunde alinikuta namenya ndizi.

"Mke mwenzangu, mume wetu tutamzika," alisema. "Dresa anamchoma mofini. Ukimsikia anakoroma vibaya, mwamshe."

Mtani kwetu hutania hata kifo. Nikamjibu sanda atanunua yeye. Akasema leo hatanii. Nikamgeuzia mgongo, nikaendelea na ndizi zangu.

Mchana Prosper alirudi, akajilaza. Alikoroma mkoromo mzito, wa kukatika-katika. Nikamtazama kwa hasira... amechoshwa na Kalunde huyu! Nikabeba nguo, nikaenda mtoni kufua.

Niliporudi, nyumba ilikuwa kimya. Midomo yake imebadilika rangi, mwili umeshapoa.

Msibani watani walifanya vituko vyao kama desturi. Kalunde hakutania. Alilia kuliko mimi, nikamchukia upya. Baadaye alinieleza kwamba Prosper mwenyewe ndiye aliyemwambia siri ile, kwa kuwa aliona haya kuniambia mimi. Hilo linaniuma mpaka leo. Kwa nini yeye? Kwa nini si mimi, mkewe?

Vijana, nawasihi, msichezee dawa hiyo. Nanyi mnaoishi nao, mkisikia mkoromo wa namna ile na mtu haamki, huo si usingizi. Mtikiseni, mlazeni kwa ubavu, mkimbizeni hospitali. Kugombana mtagombana akishaamka.