Sauti ya Mbula

"Boss, hiyo variable ya jina la folda umeifungia alama za usemi?" Janice aliuliza. Mwanafunzi wa atachimenti hajibiwi, hutumwa chai.

Gachau Ndung'u, mwenye studio ya kurekodi pale Ruiru, alikuwa ameandika skripti, maagizo ya kompyuta ya kufuta kazi zilizokwisha. Siku hiyo ilikuwa zamu ya folda ya harusi iliyoitwa "Mbula Kaleli". Bila zile alama, kompyuta ililikata jina penye nafasi, ikaona folda mbili. Ya Kaleli haikuwepo. Ya Mbula ilikuwepo, ikafutwa: ilikuwa ya Mbula mwingine, mama wa Thika aliyemrekodia bintiye sauti wiki moja kabla ya kufa. Nakala nyingine hakuna.

Binti huyo, Syokau, alipokuja kuichukua, Gachau alimnyooshea Janice kidole. "Huyu wa campus ndiye alichezea mashine."

Papo hapo chumba kikanuka dawa ya hospitali.

Kesho yake saa nne asubuhi spika zilizozimwa ziliita, polepole, "Gachau." Akaitika. Kutoka chooni sauti ileile ya mwanamke mgonjwa ikaita, "Ndung'u." Akaitika tena, na mguu wake wa kushoto ukageuka wenyewe kuelekea chooni huku wa kulia umebaki kuzikabili spika.

"Ni Mbula, mama yake," Janice alinong'ona. "Mpigie Syokau, umwambie ni wewe uliyefuta."

"Niharibu jina langu juu ya skripti?"

"Langu uliliharibu bila kupepesa macho."

Sauti zikaita tena, sasa pamoja, na mstari mwembamba ukaanza utosini mwa Gachau, ukashuka puani, ukashuka kidevuni, ukapita kifua vifungo vikidondoka kimoja kimoja, bila tone la damu, ukipanuka hadi Janice akauona ukuta uliokuwa nyuma yake.

Janice akampigia Syokau mwenyewe, akaweka simu loud.

"Syokau, Gachau ana neno."

Nusu moja ya mdomo ikasema, "Ni mimi nilifuta." Nusu ya pili ikasema, "Ni Janice."

"Janice, nishike," Gachau akalia, mikono ikinyooka kila mmoja upande wake. "Napasuka."

Janice akapiga hatua moja.

"Janice," Syokau akasema kwenye simu, kwa upole, "tafadhali usimshike."