Mgongo wa Orval na Densi ya Mavuno

Siku ya kupika jamu ya matufaha, ua wa Neva Tackett hujaa watu. Huyu anamenya, yule anakoroga sufuria la shaba kwa mwiko mrefu, na wote wanapiga umbea. Mwaka huu umbea ulikuwa mmoja: mgongo wa Orval, mume wa Neva.

Orval aliumia akinyanyua marobota ya nyasi kavu. Tangu hapo alitembea ameinama kama anayetafuta sindano. Na densi ya mavuno ilikaribia. Kila mwaka yeye na Neva ndio wanaoifungua. Neva alikuwa ameshashona gauni. Hakutaka kulivaa akae nalo kitini.

"Njoo, shemeji," alisema Dwain, kaka yake Neva. "Nikunyanyue. Mgongo ukilia, umepona."

Ndivyo walivyozoea wanaume wa huko kwao Missouri, Marekani. Mmoja anamkumbatia mwenzake kwa nyuma, anamnyanyua na kumtikisa kama gunia mpaka mifupa ilie. Dwain alishamfanyia hivyo Orval. Kila akifanyiwa, Orval aliamka na maumivu zaidi.

"Mwache mume wa watu," alisema jirani yao Lorene. Lorene anafanya kazi mapokezi kwa daktari wa osteopathi, yaani tiba ya mikono. "Wewe fundi wa matrekta. Mgongo una daktari wake."

"Atafanya nini nisichofanya mimi?"

"Atauliza kwanza."

Kweli, Orval alipokwenda kliniki, Daktari Imhoff, bosi wake Lorene, aliuliza. Neva alikaa pembeni akisikiliza. Uliumiaje? Miguu inakufa ganzi? Mkojo unakutii? Una mifupa dhaifu? Unatumia dawa gani?

"Mama daktari, nimeleta mgongo," Orval alinung'unika. "Unaniuliza habari za chooni?"

"Mguu ukilegea au mkojo ukikushinda, hiyo si kazi yangu. Unakwenda hospitali hapo hapo. Na mwenye mifupa dhaifu simsukumi kwa nguvu."

Akamsimamisha, akamwambia ainame, ageuke. Kisha akamlaza kitandani. Alimpapasa, akamnyoosha taratibu, akamwambia asukume mguu dhidi ya mkono wake.

"Ukiumia, sema. Ukitaka niache, naacha."

Orval alingoja mlio. Haukuja.

"Mbona mifupa hailii?"

"Mlio si dawa. Mara hutokea, mara hautokei. Kesho unaweza kuhisi uchovu kama mtu aliyelima. Utapita baada ya siku moja mbili. Tembea kidogo kidogo, fanya zoezi nililokuonyesha, rudi wiki ijayo. Tiba hii husaidia wengi wenye mgongo kama wako, si wote, na haitibu kila ugonjwa. Tusipoona nafuu, tutatafuta njia nyingine."

Kesho yake Orval aliamka akiguna. Neva akalitazama gauni. Dwain naye akaingia, mikono wazi.

"Si nilisema? Geuka nikunyanyue."

"Ukimgusa," alisema Neva, "nakukoroga wewe kwenye sufuria."

Orval alicheka, akashika kiuno. "Leo hapana, shemeji. Nimeambiwa nitembee. Mke wangu, twende mpaka getini."

Walikwenda polepole, wakarudi. Siku ya pili uchovu ulipungua. Orval alirudi kwa daktari, akarudi tena, na zoezi lake alilifanya hata majirani walipomcheka.

Usiku wa densi alisimama wima mlangoni.

"Bado kunavuta kidogo," alimnong'oneza Neva.

"Tutacheza kidogo."

Wakaifungua densi. Gauni lilizunguka, ukumbi mzima ukapiga makofi. Wimbo wa pili Orval alikaa, maana daktari alimwonya asijichoshe. Neva alitaka kukaa naye.

"Nenda kacheze," Orval alimwambia. "Nitakuja wimbo wa mwisho."

Dwain alikuwa karibu. Fidla zilipoanza wimbo wa mwisho, alinyoosha mkono amwinue shemeji yake. Alichelewa. Orval alikuwa ameshainuka, anamfuata mkewe katikati ya ukumbi.