Kishindo Asiyesikika

Kila asubuhi ya likizo ilianza hivyo hivyo. Mama alikwenda kazini akiacha maagizo marefu mlangoni. Kaka alijitupa kwenye kochi, padi ya gemu mkononi, kabla hata ya kunawa uso. Bibi alivuta kiti chake mbele ya dirisha, akaondoa kifuniko cha cherehani na kuanza kukanyaga. Dada yake mdogo alifagia, akaosha vyombo, kisha akakimbilia kochini kuomba zamu.

Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini nyumbani aliitwa Kishindo. Alipoanza kutembea alikuwa akikanyaga sakafu kana kwamba imemkosea, na jina likamganda. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alilichukia.

Gemu yenyewe iliitwa Mnyatiaji. Ilikuwa na sehemu sita zilizotoka miaka tofauti, kila moja na mashine yake. Ya kwanza Kaka aliicheza kwenye mashine ya kijivu aliyoachiwa na binamu, ya tatu kwa jirani, ya tano kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Ya sita aliicheza likizo hii, kwenye mashine aliyoazimwa na rafiki yake. Mashine zilibadilika, kazi ilikuwa ile ile. Unaingia kwenye ngome ya adui, unanyata nyuma ya walinzi, unachukua ulichotumwa, unatoka. Ukitaka mlinzi aondoke mahali pake, unagonga ukuta. Yeye anauliza, "Nani hapo?" anakwenda kutazama, haoni mtu, anarudi akisema labda ni upepo. Ukimaliza bila kuonekana hata mara moja, unapewa cheo cha juu kabisa, yaani Kivuli.

Kaka alikuwa Kivuli katika sehemu zote sita. Kishindo hakuwa Kivuli hata katika moja.

"Na jina lako hilo," Kaka alimwambia, macho kwenye televisheni. "Wewe walinzi wanakusikia ungali unafunga viatu."

"Nipe zamu moja tu."

"Kajifunze kunyata kwanza. Kanyate hata kwa Bibi. Ukiweza kumpita Bibi, njoo nikupe padi."

Kaka alikuwa anatania. Kishindo hakulichukulia kuwa ni utani.

Bibi, mama yake Mama, alikuwa fundi wa nguo tangu Mama hajazaliwa. Alikaa akilitazama dirisha ili apate mwanga, mgongo ukielekea mlangoni, na sikio lake la kushoto lilikuwa zito. Mkasi ulikaa kuliani kwake, chaki kushotoni, na mikono yake ilivifikia bila macho kuhangaika. Hakujua kusoma tarakimu wala hakuona kama amepungukiwa. Kila mteja, Bibi alimpima kwa uzi mweupe. Fundo la kwanza lilikuwa mabega, la pili kifua, la tatu kiuno, la nne urefu. Uzi wa kila mteja ulitundikwa kwenye msumari wake, kwenye ubao ulio ukutani, na Bibi alijua kila msumari ni wa nani.

Siku ya kwanza Kishindo hakufika hata katikati ya chumba. "Ni wewe, Kishindo?" Bibi aliuliza bila kugeuka. Siku ya pili alivua viatu. Siku ya nne aligundua kwamba akiinua mguu wakati cherehani inanguruma na kusimama inaponyamaza, anaweza kuvuka chumba kizima. Alivuka mara tisa. Kila mara aliweka alama kwenye daftari.

Baadaye kupita tu kukawa hakumtoshi. Aliuchukua mkasi na kuuweka upande wa chaki. Mkono wa Bibi ulikwenda kulia, ukapapasa meza, ukapapasa tena. Bibi akainama kutazama chini ya kiti. Kishindo, nyuma ya kabati, alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja viwili.

Kesho yake aligonga ukuta mara tatu.

"Nani hapo?" Bibi aliuliza. Aliinuka kwa shida, akafungua mlango, akasimama hapo muda mrefu. Kisha akarudi kwenye kiti chake. "Labda ni upepo," akasema.

Alisema maneno yale yale ya mlinzi, neno kwa neno. Kishindo alikimbia kumwambia Kaka, na wote wawili walicheka mpaka machozi yakawatoka. Sitawaficha hilo wala kulipunguza. Walicheka, na Kaka akampa padi.

Siku zilivyokwenda, na ukuta ukigongwa mara tatu kila siku, Bibi alianza kubadilika. Alikuwa akiweka kitu, anakigusa mara mbili, kisha anakigusa tena. Wimbo aliozoea kuuimba kwa sauti ya chini akikanyaga cherehani ulikoma. Jioni moja, Mama akiwa anamenya viazi, Bibi alimwambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nadhani kichwa kinaanza kuniacha." Mama alicheka na kumwambia ni uchovu tu. Hata hivyo tangu jioni hiyo alianza kumchunguza.

Lililo baya zaidi ni kwamba Bibi alimwomba msaada yule yule aliyekuwa akimtesa.

"Mjukuu wangu, wewe una macho mazuri. Hebu nitazamie, mkasi nimeuweka wapi?"

"Si huo hapo, Bibi, kuliani kwako," Kishindo alijibu. Alikuwa ameurudisha muda huo huo.

Bibi aliushika mkasi, akautazama, kisha akamtazama mjukuu wake kwa shukrani. "Mungu akuweke," akasema. Kishindo aliondoka akaweka alama kwenye daftari.

Katika sehemu ya sita ya Mnyatiaji kuna kitu kinaitwa hujuma. Unabadilisha karatasi za mlinzi ili aende asikotakiwa, na alama zako zinaongezeka maradufu. Kishindo aliutazama ubao wa misumari. Cherehani iliponguruma, alitoa uzi wa msumari wa tatu akauweka kwenye wa nne, na wa nne akauweka kwenye wa tatu. Msumari wa tatu ulikuwa wa nesi wa zahanati ya jirani, mwanamke mwenye mabega mapana. Wa nne ulikuwa wa binti wa mwashi, mwembamba asiye na nyama mwilini.

Alikusudia kuzirudisha baada ya chakula cha mchana. Ila baada ya chakula Kaka alimwita wacheze, na Bibi akakata kitambaa cha nesi.

Siku tatu baadaye jioni, Mama akiwa amesharudi, nesi alikuja kujaribu sare yake mpya. Kitambaa alikileta mwenyewe, na sare alitaka kuivaa Jumatatu, siku ya kuanza kazi kama msimamizi wa manesi. Nguo ilimkwama mabegani, mikono ikiwa juu, uso ukiwa ndani. Ilibidi Mama amvute kumtoa. Nesi alitoka humo nywele zimesimama na hasira zimempanda.

"Bibi, mimi umenishonea miaka mingapi?" akauliza. "Hii umemshonea nani, mtoto? Kama umri umefika si useme, watu tukatafute mafundi wengine."

Bibi aliinuka kitini. Aliishika ile sare, akaipima kwa vidole, akaona ni ndogo kweli.

Usiku huo uamuzi ulifikiwa mezani. Mama alimpigia simu mdogo wake, na Mama Mdogo akakubali kuja Jumamosi kuichukua cherehani, kwa kuwa yeye ana binti anayejifunza kushona. Bibi apumzike. Bibi mwenyewe alitikisa kichwa kukubali, mikono yake ikiwa mapajani, haina kazi.

Kishindo hakulala vizuri. Asubuhi aliamua kutengeneza mambo, na alijua njia moja tu ya kutengeneza. Aliingia miguu mitupu, akabadilisha nyuzi, wa nesi ukarudi msumari wa tatu, wa binti wa mwashi msumari wa nne. Akatoka bila kuonekana. Moyoni alijiambia kwamba yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Alisimama nyuma ya mlango akamwona Bibi akiinuka, akienda kwenye ubao, akiutoa uzi wa tatu na kuuvuta kati ya mikono miwili. Bibi alikuwa na tumaini moja tu lililobaki, kwamba labda nyuzi zilichanganyika, kwamba kosa halikuwa la kichwa chake. Aliupima uzi juu ya sare iliyoharibika. Uzi ulikuwa mrefu, wa mabega mapana, kama inavyotakiwa, na ulikuwa kwenye msumari wake.

"Basi ni mimi," Bibi alisema. "Uzi upo sawa. Ni mimi."

Akaifunika cherehani kwa kifuniko chake, akakipapasa mara moja, akakaa.

Hapo ndipo Kishindo alipoelewa alichokifanya. Kila akitengeneza kwa siri, alikuwa anamthibitishia Bibi kwamba amechanganyikiwa. Angeweza kunyata mwaka mzima na asimsaidie chochote. Kulikuwa na jambo moja tu la kufanya, nalo lilikuwa lile ambalo Mnyatiaji halifanyi kamwe.

Jumamosi, Mama Mdogo akiwa bado njiani, Kishindo alivaa viatu. Aliingia akipita katikati ya chumba, akazunguka cherehani, akasimama mbele ya dirisha, mahali ambapo Bibi hakuwa na njia ya kutomwona.

"Bibi, nyuzi nilizibadilisha mimi. Halafu nikazirudisha. Kichwa chako ni kizima."

Bibi alielekeza kidole mezani. "Mkasi?"

"Mimi."

"Chaki niliyoikuta ndani ya kiatu changu?"

"Mimi, Bibi."

"Na kugonga ukuta? Mara tatu, kila siku?"

"Mimi."

Bibi aliugeukia ukuta. "Marehemu babu yako alikuwa akirudi kutoka kazini anagonga hivyo hivyo. Mara tatu. Nilidhani ananiita. Nilikuwa nimeshatoa nguo nitakayozikwa nayo, nimeipiga pasi, nimeiweka chini ya sanduku."

Kishindo alilia. Bibi hakumbembeleza. Alimwacha alie hapo dirishani mpaka Mama akaja kuona kuna nini, na Kaka nyuma yake, na ikabidi ayaseme yote upya mbele yao. Kaka alikuwa wa kwanza kuinamisha uso. Mama alinyanyua mkono ampige, lakini Bibi akamzuia.

"Usimpige. Akipigwa ataona amemaliza. Kaa chini, Kishindo. Na wewe uliyekuwa ukicheka huko kochini, kaa. Yule mlinzi wenu wa kwenye gemu, mkizima mashine, anabaki na hofu? Habaki. Hayupo. Mimi mlipokuwa mnazima mashine nilikuwa nabaki hapa, naogopa mikono yangu mwenyewe. Kuibiwa kitu nimewahi kuibiwa, nikanunua kingine. Wewe umeninyang'anya kujiamini, na hicho hakiuzwi dukani. Ukimkosea mtu kwa kificho, usijidanganye kwamba utamtengenezea kwa kificho. Simama akuone, useme ni wewe. Na gemu chezeni, sijaikataza. Ila mjue nani ni wa kwenye kioo na nani ni bibi yenu."

Mama Mdogo alipofika, alikunywa chai akarudi mikono mitupu.

Mchana huo huo Bibi alimpeleka Kishindo zahanati, naye akasema kosa lake mbele ya nesi na mbele ya foleni nzima ya wagonjwa. Nesi akasema, "Kwa hiyo mimi nimemtukana mtu mzima kwa ajili yako." Alikuja mwenyewe kuomba radhi. Sare ilifumuliwa, ikaongezwa vipande mabegani na ubavuni, na kila mshono aliufumua Kishindo kwa mkono, siku nne, vidole vikachubuka. Jumatatu nesi alianza kazi na sare ya zamani. Wateja wawili waliosikia kwamba fundi amechanganyikiwa hawakurudi tena, hata walipoelezwa ukweli.

Likizo iliisha na mashine ya gemu ikarudishwa kwa mwenyewe. Kishindo sasa hutembea na viatu ndani ya nyumba, kwa nguvu, tena hulipenda jina lake. Akifika mlango wa chumba cha cherehani husimama na kubisha.

"Hodi, Bibi."

Cherehani hunyamaza. Mkono wa Bibi huenda kwanza kulia, huugusa mkasi, huhakikisha upo. Kisha ndipo husema, "Karibu, Kishindo."